Kamba ya Kupimia Marafiki

Nchi hii msomaji asijisumbue kuitafuta kwenye ramani, kwa sababu ramani yake iko kwa mchapaji tangu mwaka juzi ikisubiri saini. Itoshe kusema kwamba ilikuwa nchi yenye amani, na watu wake walikuwa wakipendana sana, mpaka siku Mtukufu aliposafiri.

Mtukufu alikwenda ugenini kukutana na watukufu wenzake. Aliposhuka kwenye ndege, mwanamke mmoja aliyekuwa akifagia uwanja alimtazama, akaegemea ufagio wake, akamwambia kwa upole, "Baba, shati umeligeuza. La ndani liko nje."

Mtukufu akajiangalia. Kweli, mishono yote ilikuwa hadharani, na kile kitambaa kidogo kinachoeleza namna ya kufua kilikuwa kikipepea ubavuni kama bendera ya taifa changa. Lakini hilo si lililomuuma. Lililomuuma ni kwamba shati hilo alilivaa tangu alfajiri. Alikagua gwaride nalo. Alipiga picha na mabalozi nalo. Na sasa alikumbuka kwamba mawaziri kumi na wanane waliokuja kumuaga walikuwa wakienda msalani mmoja mmoja, na kila aliyetoka alitoka na shati limegeuzwa.

Aliporudi hakusema na mtu siku tatu. Siku ya nne akalihutubia taifa.

"Ndugu wananchi," alisema, "mimi nina marafiki elfu sita, na katika hao hakuna hata mmoja aliyeuona mshono. Nataka kujua rafiki ni nani na mnafiki ni nani. Na nataka kujua kwa takwimu."

Wale elfu sita wakapiga makofi dakika kumi na moja.

* * *

Ikaundwa Tume ya Taifa ya Uhakiki wa Urafiki. Wajumbe walikaa hotelini majuma saba wakiujadili urafiki, na kwa kuwa hawakuaminiana, kila mmoja alikula sahani yake ikiwa mapajani. Juma la nane mjumbe mmoja akakumbuka desturi ya kwao. Katika nchi ile mgeni haondoki peke yake. Akiaga, mwenyeji anainuka na kumsindikiza. Asiyekupenda anakuaga kwa mdomo, anayekupenda anakuaga kwa miguu.

Wajumbe wakatazamana. Mbona jambo lilikuwa rahisi hivyo? Urafiki ni umbali.

Kanuni zikatoka asubuhi iliyofuata. Anayekusindikiza mpaka mlangoni ni Mjuani. Mpaka kwenye geti ni Jamaa. Mpaka njia panda ni Rafiki. Anayekufikisha kwako ndiye Rafiki wa Kweli, naye atapewa cheti chenye muhuri. Umbali utapimwa kwa Hatua ya Taifa, yaani urefu wa hatua moja ya Mtukufu akiwa na furaha. Atakayekuwa Rafiki wa Kweli wa watu mia moja atavishwa nishani ya Rafiki wa Taifa na kukaa jirani na Mtukufu kwenye sherehe zote.

Kanuni ya mwisho iliwahusu watumishi wa umma. Mtumishi ambaye Ijumaa ya mwisho wa mwezi itamkuta hana Rafiki wa Kweli hata mmoja ataachishwa kazi, maana nchi haikabidhiwi mtu asiyependwa. Baada ya hapo Serikali itampangia rafiki.

* * *

Kamba ya kupimia akakabidhiwa Somoe.

Somoe alikuwa binti aliyesomea upimaji wa ardhi chuoni. Alikuwa na haya kiasi kwamba mwaka mzima wa kwanza aliandikwa hayupo darasani, ingawa aliitikia kila siku jina lake lilipoitwa. Kazi ilikuwa ngumu kupatikana, na hii aliipata baada ya kuomba mara ishirini na tatu. Kwa ahadi ya mshahara huo alikuwa amekwisha kupanga, tangu mwezi uliotangulia, kijumba cha mlango wa buluu, na kila akiufunga mlango huo alisimama kidogo kuusikiliza ukijifunga, maana hajawahi kuwa na mlango wake.

Pamoja na kamba alipewa kofia nyekundu yenye kishada cha nyuzi za dhahabu. Kwa haraka ya siku ya kwanza aliivaa nyuma mbele. Kishada kikamwangukia katikati ya macho, ikawa kila akitaka kuona mbele anakipuliza. Ofisini walimsifu wote. Mkurugenzi alisema hajawahi kuona kofia iliyompata mwenyewe namna ile. Mpaka saa nane mchana, makarani sita walikuwa wamezigeuza zao, na ukumbi mzima ukawa unapuliza.

Jioni alipita kwa Nyamizi.

Huyu Nyamizi walikaa naye dawati moja tangu darasa la kwanza. Chuoni hakwenda. Alikuwa akiuza vitumbua mbele ya nyumba yao, pale uwanja wa gwaride unapoanzia, na ng'ambo ya uwanja ndiko ulikokuwa mlango wa buluu wa Somoe. Kila jioni Somoe alikaa kwenye kigoda chake, akala kitumbua kimoja, wakasengenya kidogo, akaaga. Nyamizi hakuwahi kumsindikiza hata hatua moja. Alisema tu, "Haya, nenda, usije ukachelewa," akaendelea kutia unga kwenye chuma chake chenye mashimo saba. Somoe naye akaondoka bila kugeuka, maana kwao anayeondoka akigeuka nyuma huacha baraka njiani.

Tena kile kitumbua chenyewe kilikuwa cha jana, na siku zote kilikuwa kimeungua. Nyamizi alikuwa fundi ambaye watu walivuka mitaa mitatu kumfuata, ila kila siku alikuwa na kitumbua kimoja cheusi upande mmoja, na hicho ndicho alichomwekea shoga yake. "Hiki chako," alisema, akamtupia.

Siku ile ya kofia alimtazama Somoe akija kutoka mbali, akaweka kijiti chini.

"Shoga, umeivaa nyuma mbele."

"Nini?"

"Kofia. Unafanana na kuku wa kishungi anayetoka msibani."

Wateja wawili wakacheka. Somoe akahisi masikio yanawaka.

"Ofisini wote wameisifu," akasema.

"Wote nani? Hao waliokujua leo asubuhi?"

"Nyamizi, watu wengine wakiona mwenzao amepata, inawauma."

Nyamizi akageuza vitumbua vyote saba, kimoja kimoja, kisha akasema, "Haya, nenda, usije ukachelewa."

Kuanzia jioni ile Somoe akawa anapita upande wa pili wa barabara.

* * *

Kumbe mwenye kamba hakosi watu. Kabla ya juma kuisha Somoe alikuwa na mashoga thelathini na saba, na kumi na mmoja kati yao walikuwa wanaume. Walimletea maembe, mashuka, na jogoo, ambaye Somoe alimpa mtu mwingine kwa sababu alimwonea haya kumchinja. Walicheka kabla hajamaliza kusema. Mara moja alipiga chafya, na Mkurugenzi akasema huo ni mtazamo mpana.

Mjini nako kukawa na matembezi. Mtu akimsindikiza mwenziwe mpaka kwake ili apate cheti, huyo mwenziwe naye, kwa kuwa alilelewa vizuri na pia alikihitaji cheti, alilazimika kumsindikiza wa kwanza kurudi. Wa kwanza hakukubali kuachwa na deni la hatua. Walikuwapo mabwana wawili wa wizara ya kilimo walioanza Jumatatu na hadi Jumatano walikuwa wakionekana wakipishana na kivuli chao wenyewe, wamebeba viatu mkononi, wanachukiana kuliko maelezo. Cheti walipata. Wake na watoto wao walikuja kuwaletea uji njiani.

Aliyemsindikiza Somoe kila siku alikuwa Bwana Gerevazi Mtepa, muuza viti vya sherehe. Alikuwa na mwavuli mkubwa wa rangi ya chungwa na sauti laini kama samli ya jana. Kutoka ofisini mpaka mlango wa buluu ni hatua elfu tatu mia nne, na Bwana Gerevazi alizitembea zote, akimwinamishia mwavuli, jua lisimguse.

"Dada'ngu Somoe," alikuwa akisema, "mimi nikikaa siku moja bila kukuona, chakula hakishuki."

Walipopita mbele ya Nyamizi, Somoe alikipuliza kishada na kutazama mbele. Nyamizi alitazama chuma chake. Wateja ndio waliosemezana.

"Huyu Nyamizi siku hizi ana mawazo," mmoja alisema. "Kila jioni lazima aunguze kimoja."

"Na mlaji wake hakai tena hapa," akajibu mwenzake. "Bata wa jirani ndio wananenepa."

Somoe alilisikia hilo, akaliacha lipite.

* * *

Ikafika Alhamisi ya kabla ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Mchana Somoe alikuwa akipanga vifaa stoo, akaliona boksi zilimoletwa kofia. Ubavuni mwake palichorwa kichwa cha mtu kimevaa kofia ile, na chini pakaandikwa kwa herufi kubwa: KISHADA NYUMA.

Akakaa juu ya boksi. Alihesabu siku. Kumi na nane. Kwa siku kumi na nane alikuwa ametembea mjini akipuliza.

Saa kumi Bwana Gerevazi akaja na mwavuli wake. Wakaanza safari. Walipofika kwenye hatua ya elfu moja hivi, akashusha sauti.

"Dada'ngu, kesho wanakuhakiki na wewe. Nani atakuwa Rafiki wako wa Kweli?"

"Sijui," alisema Somoe.

"Unajua. Ni mimi. Nimekufikisha kwako siku kumi na saba, mtaa wote ni shahidi. Nitasaini, utabaki na kazi yako, utabaki na mlango wako wa buluu." Akakohoa kistaarabu. "Na mimi nina kashida kadogo. Nishani ile inataka watu mia. Nimefikisha ishirini, miguu imevimba. Nikafikiri, kamba ni kamba tu. Ukiishika kwa ulegevu upande mmoja, themanini waliobaki wanaingia bila mimi kuondoka kwenye kiti. Kati ya marafiki, ulegevu ni upendo."

Somoe akatembea hatua ishirini. Aliufikiria mlango. Aliufikiria unavyojifunga. Mdomo wake ulikuwa unataka kusema ndiyo, kwa sababu watu wenye haya husema ndiyo ili mazungumzo yaishe. Kisha kishada kikamwingia jichoni.

"Bwana Gerevazi," akasema, "kofia yangu inakaaje?"

"Kofia hiyo? Ilizaliwa kichwani mwako."

Somoe akaishika, akaigeuza, kishada kikaenda nyuma. "Na hivi?"

"Lo. Hapo sasa ndipo penyewe. Kumbe siku zote ulikuwa unatuficha."

Akaigeuza ubavu, kishada kikaning'inia juu ya sikio. "Na hivi?"

"Dada'ngu, wanamitindo watakufa njaa."

Somoe akaivua, akaipindua juu chini, akaitua kichwani kama bakuli.

Bwana Gerevazi akarudi nyuma kidogo apate kuona vizuri. Macho yake yalilengwalengwa na machozi. "Hiyo," alisema, "hiyo ipelekwe makumbusho."

Somoe akaitoa kichwani, akaikumbatia kifuani. "Kamba siilegezi," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo kama kawaida, ila Bwana Gerevazi, ambaye kwa siku kumi na saba hakuwa amesikia alichosema, safari hii alisikia.

"Umesema?"

"Siilegezi. Ni kamba ya kupimia."

Bwana Gerevazi akasimama. Ilikuwa hatua ya elfu moja mia tisa na kumi na mbili; Somoe alikuwa mpimaji, hakuweza kutohesabu. Mwavuli ukahama polepole kutoka juu ya kichwa cha Somoe ukaenda juu ya kichwa cha mwenyewe, kama kivuli cha wingu kinavyohama shamba. Akatazama saa yake, akakumbuka kikao, akageuka. Hakuaga, hata kwa mdomo.

Somoe akabaki juani na kofia mkononi.

* * *

Kigoda kilikuwa palepale. Somoe alisimama mbele yake muda mrefu, mpaka wateja wakaondoka.

"Nyuma mbele," akasema hatimaye. "Ulisema kweli."

"Najua nilisema kweli," alijibu Nyamizi bila kuinua uso. "Kaa, unanizibia upepo."

Akakaa. "Nilikutukana."

"Ulinitukana. Ulisema ninakuonea wivu. Wivu wa kile kishada?" Akatikisa kichwa. "Siku ya pili nilitaka kukufuata nikivute nikigeuze mwenyewe. Nikaona una mwavuli."

Somoe akacheka, kisha akalia kidogo, kisha akapangusa uso kwa kamba ya Serikali. Nyamizi akamtupia kitumbua. Kilikuwa kimeungua upande mmoja.

"Nimesikia unawapa bata."

"Sasa nifanyeje? Mlaji alikuwa na mwendo wa kifahari." Akachochea mkaa. "Kesho si ndiyo kesho yenyewe? Una nani?"

Hapo Somoe akaliona tatizo lake lote kwa mara moja. "Nina wewe," akasema. "Lakini inabidi unisindikize mpaka mlangoni kwangu, na tume inapima."

Nyamizi akatazama jiko, akatazama mafuta yanayochemka, akatazama foleni ya jioni iliyokuwa inaanza kujipanga tena.

"Somoe, saa kumi na moja mimi nina chuma motoni. Nikiondoka hapa nani atageuza?"

"Mara moja tu."

"Nikikusindikiza kesho kwa sababu ya tume, kesho kutwa utanihesabu pamoja na yule wa mwavuli." Alisema bila hasira. "Na mimi mwenyewe nitajihesabu hukohuko."

Somoe akainuka kwenye kigoda. "Haya," akasema.

"Haya, nenda, usije ukachelewa."

* * *

Ijumaa wakaja maofisa wanne, mezani wakatandika kitambaa cha kijani. Waliketi kando ya jiko la Nyamizi, moshi ukiwaelekea. Kamba safari hii aliishika mtu mwingine, kwa kuwa mtu hajipimii mwenyewe urafiki.

"Mtajwa asimame, amsindikize mhusika," akasema ofisa mkubwa.

"Mtajwa ana vitumbua motoni," akasema Nyamizi.

"Mtajwa anakataa?"

"Mtajwa anauliza kama mnakula."

Walikula. Walikula ishirini na nane. Kisha ofisa mkubwa akapangusa vidole, akaandika: *Hatua: 0. Daraja: Chini ya Mjuani.* Akamwonyesha Somoe pa kusaini.

Palikuwa na mstari wa maelezo ya ziada, ambao katika fomu elfu arobaini na mbili za nchi nzima hakuna aliyewahi kuujaza. Somoe aliandika: *Siku ya kwanza aliniambia kofia nimeivaa nyuma mbele.* Kisha akavua kofia, akaikabidhi, kishada kikiwa nyuma.

Ofisa akausoma mstari mara mbili. Akawatazama wenzake watatu, na mkono wake, bila yeye kuuamuru, ukapanda ukagusa kofia yake mwenyewe. Kishada kilikuwa mbele. Akakipuliza, akafunga faili.

* * *

Yaliyofuata yanajulikana. Mtukufu alihakikiwa siku ileile, na marafiki elfu sita wote walimsindikiza mpaka kitandani kwake, hivyo wote wakapata muhuri, naye akawa hajajua chochote ambacho hakukijua mwanzo. Lakini Mtukufu ni mtu aliyelelewa. Aliona si adabu kutowasindikiza. Akaanza na wa kwanza, na wa kwanza akamrudisha, na mpaka tunapoandika haya bado wako njiani. Nchi inaongozwa kutokea barabarani, na inasemekana haijawahi kwenda vizuri namna hii. Bwana Gerevazi alipata nishani kwa kamba ya mpimaji mpya, ambaye sasa ndiye mwenye mashoga thelathini na saba.

Somoe aliachishwa kazi. Serikali ikampangia rafiki, mzee mmoja mstaafu wa idara ya mizani, aliyekuja Jumanne na Alhamisi saa nane mpaka saa nane na nusu, akamsomea kutoka kwenye kijitabu: "Habari za nyumbani. Pole na kazi. Umependeza." Alipofika mara ya tatu Nyamizi alimwambia vifungo vya shati amevipishanisha. Mzee akavifungua, akavifunga upya, kijitabu akakisahau kwenye kigoda. Siku hizi huja hata Jumatano.

Mlango wa buluu ulikuwa na kodi ya mwezi mmoja mbele. Baada ya hapo, tutaona. Somoe alianza kuwapimia majirani mipaka ya viwanja vyao kwa kamba yake mwenyewe, isiyolegea, na watu wawili watatu wakaanza kumwita.

Jioni moja alikaa kwenye kigoda kama zamani, akala kitumbua chake cheusi, akaaga.

"Haya, nenda, usije ukachelewa," akasema Nyamizi, akamimina unga kwenye mashimo saba.

Somoe akaukata uwanja. Upepo ulikuwa unavuma kutoka nyuma yake jioni ile, kinyume na siku zote, na alipofika hatua ya mia mbili na tano, mkono ukiwa karibu na kitasa, pua yake ikanasa harufu ya kuungua.

Akageuka. Baraka zikianguka, zianguke.

Ng'ambo ya uwanja Nyamizi alikuwa amesimama. Wateja wamepanga foleni mbele yake, mafuta yanachemka, naye amesimama wima na kijiti mkononi, shingo ameinyoosha juu ya vichwa vyao, anautazama mlango wa buluu. Moshi mwembamba mweusi ulikuwa unapanda kutoka kwenye tundu moja la chuma.

Somoe, ambaye tangu azaliwe hajawahi kupaza sauti barabarani, akapaza.

"Nyamizi, kinaungua."

"Nakiona," ikarudi sauti juu ya uwanja. "Ingia ndani kwanza."